Tuulizane Kwanza

 

Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka amenitaka niandike juu ya jambo ambalo vijana wetu wamelishika sana siku hizi, nalo ni vipimo vya tabia. Kijana hujaza maswali, akatoka na herufi nne, kisha akazitaja herufi zile kama wazee wetu walivyokuwa wakitaja nyota zao. Wakubwa nao wameanza kuuliza: hii ni elimu, au ni ramli ya Kizungu? Nimetakiwa niseme mimi kwa kuwa nilifanya kazi miaka mingi katika idara ya watumishi ya ofisi moja hapa Uingereza, na huko nilifundishwa kutoa vipimo hivi na kuwaeleza watu majibu yao.

Jawabu langu nitalitoa mapema, ili hata atakayeishia hapa asikose faida. Kipimo cha tabia ni kizuri pale kinapofanya mtu aulizwe habari zake, na ni kibaya pale kinapofanya asiulizwe tena. Yaliyobaki ni maelezo ya maneno hayo mawili.

Kwanza tujitazame wenyewe. Katika nyumba zetu mtoto hajaota meno, keshapewa tabia yake. Huyu mkorofi kama babu yake. Huyu mpole, hana neno. Yule mvivu, na yule mwingine ana kiburi, hasemi na watu. Majina haya mara nyingi hutolewa kwa mapenzi na kwa mzaha, lakini hutolewa bila ya mwenyewe kuulizwa swali hata moja. Mtu hufika miaka hamsini, ana wajukuu, na bado akiingia barazani atasikia, "Huyu toka mdogo ndivyo alivyo." Na kweli mara nyingine ndivyo alivyo. Lakini mara nyingine ndivyo tulivyomfanya, kwa sababu mtu akiambiwa miaka arubaini kuwa ni mkali, huchoka kubisha, akawa mkali.

Lugha yetu haikupungukiwa na maneno katika jambo hili. Tunasema hulka kwa lile aliloumbwa nalo mtu. Tunasema silika kwa lile linalomtoka bila ya kulifikiri. Tunasema mwenendo kwa lile tunaloliona kwa macho, na mazoea kwa lile lililomganda kwa kurudiwarudiwa. Neno tabia limekaa katikati, likabeba yote. Mzee akisema "mtoto huyu hana tabia", anakusudia mwenendo. Akisema "hiyo ndiyo tabia yake, mwacheni", anakusudia hulka. Neno ni moja, hukumu mbili mbalimbali: ya kwanza inataka mtoto arudiwe, ya pili inataka asamehewe. Ugomvi mwingi wa majumbani huanzia hapo, mmoja anaona mwenendo na mwenziwe anaona hulka.

Wala kuwagawa watu mafungu si jambo lililoanza juzi. Matabibu wa Kiyunani waligawa mwili katika mahuluti manne, na Galen akayaeleza kwa urefu katika karne ya pili. Ibn Sina naye akayaweka katika Al-Qanun, kitabu kilichosomeshwa Mashariki na Ulaya kwa mamia ya miaka. Mahuluti hayo ni damu, balghamu, safura na sauda, na kila mtu alihesabiwa kuwa na moja lililomzidi. Wa damu mchangamfu, wa balghamu mtulivu, wa safura mwepesi wa hasira, wa sauda mwenye huzuni. Maneno balghamu na safura tunayo mpaka leo, ingawa safura kwetu imekuwa jina la maradhi. Na pwani yetu kulikuwa na hesabu ya falaki: jina la mtu na jina la mama yake hupigwa kwa abjadi, hutolewa kumi na mbili kumi na mbili, na inayobaki ndiyo buruji yake, ya moto, ya udongo, ya upepo au ya maji. Nyumba ngapi zilikubali au zilikataa posa kwa hesabu hiyo! Sitaki kuingia katika hukumu ya dini, wenye elimu yake wapo. Ninachotaka mkione ni hiki tu: mpiga falaki hamuulizi mtu kitu. Jina lako na la mama yako yatosha. Wewe mwenyewe huhitajiwi.

Kipimo ambacho vijana wetu wanakitaja zaidi kinaitwa Myers-Briggs, na chanzo chake kitawafurahisha wengi wenu, kwa sababu kilianza kwa mkwe. Katharine Briggs alikuwa mwanamke wa Kimarekani, amezaliwa mwaka 1875. Binti yake Isabel alimleta nyumbani mchumba wake, kijana anaitwa Clarence Myers. Mama mkwe akaona kijana ni mwema lakini hafanani na wao hata kidogo. Wao walikuwa watu wa kuwaza na kubuni mambo. Yeye alikuwa mtu wa hoja na wa mambo ya kushikika. Wengine wangesema, "Kijana huyu si wetu." Yeye akasema, basi na nijue watu wanatofautiana vipi. Akaanza kusoma maisha ya watu mbalimbali na kuwapanga kwa mafungu yake. Isabel na Clarence wakaoana mwaka 1918.

Mwaka 1921 daktari wa Uswisi, Carl Jung, alitoa kitabu juu ya aina za watu, na kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1923 Bibi Briggs akakuta mafungu ya Jung yamekwenda mbali kuliko yake, akayafuata. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Isabel akaanza kutunga maswali, akitarajia kuwa watu wakijuana tofauti zao watapata kazi zinazowaelekea na watapunguza kugombana. Mama na binti hawakusomea saikolojia chuoni. Isabel alisomea siasa. Ilikuwa kazi ya nyumbani, ya miaka mingi, kwa karatasi na subira. Kampuni ya mitihani ya Marekani, Educational Testing Service, ilikichapisha kipimo mwaka 1962 kwa utafiti, na mwaka 1975 kikahamia kwa wachapishaji wa California, kikaenea. Isabel alifariki mwaka 1980.

Herufi nne zenyewe si sihiri. Kila herufi ni jawabu la swali moja. La kwanza: unapochoka, nguvu unazirudisha kwa kukaa na watu au kwa kukaa peke yako? La pili: unapopewa habari, unashika kwanza yaliyopo mbele ya macho au unakimbilia maana yake na yanayoweza kuja? La tatu: unapokata shauri, unatanguliza hoja au unatanguliza nani atafurahi na nani ataumia? La nne: unataka mambo yakatwe mapema au yabaki wazi mpaka dakika ya mwisho? Maswali manne, kila moja lina majibu mawili, na ukiyachanganya unapata aina 16. Karatasi niliyokuwa nikiitoa mimi ilikuwa na maswali 93, yote yakizunguka hayo manne. Kulikuwa na ndefu zaidi, ya maswali 144, ambayo haikutosheka kumwambia mtu yu upande gani, bali ilimpasulia kila swali katika hayo manne vipande vitano, aone wapi anafuata wenziwe wa fungu lake na wapi anawaacha.

Tazameni harusi zetu mtaona yote manne bila ya karatasi. Yupo mama mkubwa anayetaka idadi ya masufuria ya biriani mwezi mzima kabla, na yupo shangazi anayesema "Mungu atajaalia", na kweli huwa yanatosha, ila mama mkubwa keshapandwa na presha. Yupo ami anayesema mwalike fulani kwa kuwa ndio haki, na yupo dada anayesema tusimwalike, bibi yake harusi ataumia. Kila mmoja humwona mwenziwe ana kasoro. Mpangaji ni mgumu, asiyepanga ni mzembe, mwenye hoja hana huruma, mwenye huruma hana akili. Faida ya kwanza ya kipimo ni kuwaambia kuwa huenda hapana mwenye kasoro hapo. Kila ndege huruka na ubawa wake.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu, na mwenyewe amenipa ruhusa. Marehemu mama yetu aliugua Maskati, nyumbani kwa kaka yetu mkubwa, tangu mwaka 2011 mpaka alipofariki mwaka 2013, Mungu amrehemu. Kila Ijumaa baada ya sala watoto wote tulikuwa tukimpigia simu, simu moja imewekwa katikati ya sebule, kila mtu anasikia, kila mtu anasema. Ndugu yetu wa tatu, anayekaa Dubai, akipokea simu husema "Nipo, nasikiliza", basi. Fedha zake za matibabu zilikuwa zikifika kabla ya mwezi kuanza, lakini maneno hakuna. Katika jamaa ikawa inasemwa kuwa yule ni mtu wa fedha tu, hana uchungu na mzazi wake. Mama alipofariki maneno hayo yalizidi, kwa sababu matangani hakulia mbele ya watu.

Mwaka 2014 tulikutana Maskati kwa harusi ya binti wa kaka yetu. Siku moja baada ya chakula cha mchana vijana walinishika niwape vipimo, na wakubwa nao wakaingia kwa kujifurahisha. Niliwasomea maswali kwa Kiswahili, nikayaeleza kwa mifano yetu, kila mtu akajibu kwa sauti. Ilipofika zamu ya ndugu yangu nikamuuliza: ukifikwa na jambo zito, humwendea mtu au hukaa nalo kwanza? Akasema hukaa nalo. Na ukitaka kusema na mtu unayempenda, ni rahisi zaidi mbele ya wengine au mkiwa wawili? Akanyamaza kidogo, kisha akasema kuwa yeye mbele ya watu hawezi kabisa. Mama alikuwa akimpigia kila siku alfajiri.

Sebule nzima ikamgeukia. Akaeleza kuwa mama alikuwa na simu yake ndogo, na baada ya sala ya alfajiri yeye humpigia, kabla nyumba haijaamka. Siku nyingine huzungumza. Siku nyingine mama husoma nyiradi zake na yeye husikiliza tu mpaka amalize. Miaka miwili. Dada yetu mdogo akamuuliza mbona hakusema hata siku moja. Akajibu, "Nyinyi mlikuwa mkisema. Mimi sikuona nafasi."

Herufi zake nne sikumbuki kama mtu yeyote aliziandika siku ile. Lakini mambo mawili yalibadilika. Yale maneno ya kuwa hana uchungu yalikoma, na dada yetu alikwenda kumtaka radhi. Na tangu hapo, likitokea jambo la ukoo, kama lile la nyumba ya marehemu babu Ng'ambo, iuzwe au itengenezwe, tunamwandikia siku mbili kabla ya mkutano. Yeye hulikalia, kisha huleta jawabu lake limeandikwa. Katika jambo la nyumba ile jawabu lake ndilo lililofuatwa, kwa kuwa peke yake ndiye aliyekuwa amepiga hesabu ya urithi wa kila mmoja na gharama ya bati.

Hiyo ndiyo faida. Sasa niseme mipaka, na hapa naomba vijana wanisikilize.

Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha tabia. Baadaye kila mmoja akapewa karatasi ya sifa zake, akaambiwa aipe alama kutoka 0 hadi 5 kwa jinsi inavyomweleza. Wastani wa alama zao ulikuwa 4.26. Kumbe karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, na mengi aliyatoa katika kitabu cha nyota cha kununua njiani. Unapenda kusifiwa lakini unajilaumu sana. Una vipaji hujavitumia vyote. Kwa nje umetulia, kwa ndani una wasiwasi. Maneno kama hayo nani atayakataa? Kwa hivyo kijana anaponiambia, "Shangazi, imenieleza mimi mwenyewe!", namwambia asome na zile za aina nyingine, aone ngapi zitakazomweleza vile vile.

Jambo la pili ni kuwa watu hawakugawika pande mbili. Wapimwe watu elfu urefu wao, utawakuta wengi wako katikati, warefu sana wachache na wafupi sana wachache. Ukichora mstari ukasema waliopita hapa ni warefu na waliobaki ni wafupi, wawili waliopishana nusu inchi utawatia mafungu mbalimbali, na aliyepita mstari kidogo utamweka na mtu mrefu kama mnazi. Tabia nazo ndivyo zilivyo. Ndiyo maana mtu akipimwa leo, kisha akapimwa tena baada ya wiki chache, si ajabu herufi moja ikabadilika. Hakubadilika yeye. Alikuwa karibu na mstari.

Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wa saikolojia siku hizi hutumia njia nyingine, ya mambo matano, ambayo haimtii mtu katika fungu bali humweka katika kipimo cha kidogo mpaka kikubwa. Mambo hayo ni upokeaji wa mambo mapya, mpango na bidii, uchangamfu na watu, ulaini kwa wenzio, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Waliyapata kwa kuanzia na kamusi: mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walitoa katika kamusi moja ya Kiingereza maneno karibu 18,000 ya kumweleza mtu, na waliofuata wakatazama maneno gani huandamana. Kipimo kimoja kirefu cha namna hii, kilichotolewa na Paul Costa na Robert McCrae mwaka 1992, kina maswali 240, na kila moja ya mambo matano limegawiwa sehemu sita. Na kina jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote: ipo karatasi ya pili inayojazwa na mtu anayekujua, mume, dada au rafiki, juu yako. Kisha karatasi mbili hulinganishwa. Pale zinapokubaliana sawa. Pale zinapoachana ndipo penye mazungumzo.

Utafiti wa mapacha nao umesaidia. Kwa jumla umeonyesha kuwa takriban nusu ya tofauti za tabia zinazoonekana baina ya watu zinatokana na urithi, na nusu nyingine na maisha. Tena watu wengi kadiri wanavyokua kutoka ujana huzidi mpango, huzidi ulaini na hupungua wasiwasi. Kwa hivyo wazee waliosema "hulka" wana haki yao, na waliosema "mwenendo" wana haki yao. Ila hapana mwenye haki ya kusema juu ya mtoto wa miaka kumi na tano kuwa keshamalizika.

Na tukumbuke kuwa kamusi ile ilikuwa ya Kiingereza. Afrika ya Kusini wataalamu walifanya kazi ya kuanzia upya. Waliwahoji watu zaidi ya 1,200 katika lugha zote 11 zilizokuwa rasmi, wakiwataka wawaeleze watu wanaowajua kwa maneno yao. Yakatoka mafungu tisa, na kubwa kuliko yote yalikuwa ya namna mtu anavyoishi na wenziwe: anawatazama vipi, anapatana nao vipi, anawaongoza vipi. Sisi hatutashangaa. Ukimuuliza bibi yeyote Unguja mtu fulani yukoje, hataanza na kuwa anapenda upweke au mambo mapya. Ataanza na kuwa ni mtu wa watu, au ana heshima, au mkunjufu, au hana imani. Vipimo vya Kizungu huuliza sana mtu yukoje akiwa nafsi yake. Sisi tunauliza zaidi yukoje kwa jirani, kwa mzazi, kwa mgeni. Maswali yote mawili yana maana, na mwenye kujibu la kwanza tu hajajieleza nusu.

Sasa yale mabaya niliyoyaona kwa macho yangu. Katika ofisi moja nilimofanya kazi, mwenzangu mmoja, mwanamke hodari, aliomba usimamizi wa kitengo. Mkubwa alikuwa na majibu ya kipimo chake mezani. Akasema mtu wa aina ile, mwenye kupenda kukaa peke yake, hawezi kuongoza. Hakumuuliza swali lolote juu ya kazi. Nilimwonyesha mkubwa yule kuwa wenye kipimo wenyewe wanakataza kisitumiwe kuajiri wala kuchagua watu, kwa kuwa kinaeleza mtu anapenda nini, hakielezi anaweza nini. Haikusaidia kitu. Yule mama alihamia kwengine na baada ya miaka michache akawa anaongoza watu thelathini.

Mwaka juzi nimesikia jambo kama hilo katika posa. Sitataja nyumba. Vijana wawili wanafaana, wazee wameridhiana, na upande mmoja ukasita kwa kuwa herufi za bwana na za bibi "hazipatani". Hapo tumerudi kwenye moto na maji. Ndoa hujulikana kwa kuulizana: unapokasirika unafanya nini, fedha unaziwekaje, mzazi wangu akiugua utakubali akae kwetu? Mwenye kuyaogopa maswali hayo asijifiche nyuma ya herufi nne.

Na la mwisho ni zito zaidi. Kijana wetu mmoja hapa Uingereza alifiwa na baba yake akiwa na miaka kumi na saba. Akaanza kujifungia chumbani, hali vizuri, simu hapokei. Wenziwe walisema, "Mwacheni, ndiyo aina yake, wa aina ile ndivyo walivyo." Mama yake hakuridhika. Aliingia chumbani akakaa naye kitandani na kumuuliza siku nyingi mfululizo, mpaka siku moja alipojibu. Daktari alisema ni sonona, akatibiwa, na leo, alhamdulillahi, ni mzima na anasoma. Kipimo cha tabia si kipimo cha maradhi. Mtu aliyekuwa mkimya toka utotoni ni mmoja, na mtu aliyenyamaza ghafla ni mwingine kabisa. Herufi zinaweza kuwa sawa, na mmoja wao anaangamia.

Kwa hivyo nashauri hivi. Mkikutana mwakani, Mungu akituweka, jazeni vipimo mkipenda, lakini msomeeni na bibi asiyejua Kiingereza, na babu asiyeona vizuri, kwa maneno ya kwetu. Mkimaliza kujibu, msikimbilie herufi. Kila mmoja achague swali moja lililomtatiza, aeleze kwa nini. Kila mmoja amchague jamaa mmoja, amjazie karatasi kwa namna anavyomwona, kisha wawili hao wakae pembeni walinganishe. Asiyetaka asilazimishwe, maana kuna watu ambao kuulizwa mbele ya wengi ni adhabu, na hao mtawajua kwa kuwaendea wakiwa peke yao. Na karatasi zikishasomwa, zichanweni. Zisiwekwe kabatini zikaja kutolewa siku ya ugomvi au siku ya posa.

Vijana, msiwacheke wazee kwa majina waliyowapa watu. Nanyi mnatoa yenu, ya herufi. Na wakubwa, msiwabeze vijana kwa karatasi zao. Wamepata kitu kinachowapa idhini ya kumuuliza baba yao mambo ambayo sisi hatukuthubutu kumuuliza wetu. Usilolijua ni usiku wa kiza, na katika ukoo uliotawanyika nchi nne au tano, tusiyoyajua juu yetu wenyewe ni mengi.

Mwenyezi Mungu azidishe mapenzi baina yetu, awarehemu waliotangulia, na atukutanishe kwa heri. Wabillahi taufiki.